Kable ya Kusuka na Kable ya Avion

"Hapana, Maman, haiko wivu! Kable yangu inatosha sauti muzuri kupita ya mutoto wa jirani, ni ile tu. Wewe unasema kable ni kable, lakini wewe hauikalake pembeni ya ampli, hauwezi kujua."

Maman alikuwa anatwanga pondu, majani ya mihogo, mbele ya mulango. Hakuinua ata kichwa.

"Mimi nilisema kable ni kable," alijibu. "Habari ya wivu, ni wewe unaileta. Nani alitaja wivu hapa?"

Alitwanga tena mara tatu, ine, kiisha akasema polepole: "Batu ba Lingala banaitaka ile zuwa. Swahili, Lingala, Kifaransa, yote inaumaka mahali pamoja."

Ilikuwa siku ya posho, jumamosi, kesho yake Tonton anabatizisha mutoto wake. Bon, nieleze vile mambo ilianza, kwa sababu mutu mwenye haishi na sisi hapa Kisangani hii miaka ya vita hataelewa namna gani kable inaweza kufanya mutu akuwe mukubwa.

Stereo ilikuwa ya Tonton, mudogo wa papa yangu, fundi wa kushona. Ampli moja, masini ya kaseti moja, na bafle mbili kubwa za mbao, zenye kutosha sauti. Wakati baaskari balianza kupita nyumba kwa nyumba na kubeba bintu bya batu, Tonton alipata akili, na batu mingi ba avenue yetu bakamufuata: aligawanya stereo. Ampli ilibakia kwake, chini ya manguo ya kushona. Masini ya kaseti ilikuya kwetu, Maman akaizika ndani ya mufuko ya mihogo ya kukauka. Bafle moja pia ilikuya kwetu, tukaifunika kitambaa, tukapanga bilauri yulu yake: meza. Bafle ya pili ilienda kwa jirani, familia ya bachuruzi benye balitoka Butembo. Bale baliifunika kitambaa ya dantele na kusimamisha Bikira Maria yulu. Siku moja askari aliingia kwabo, akaangalia, akapiga alama ya musalaba, akatoka na sufuria tu.

Mwizi anataka muziki, hataki kipande ya muziki. Ile njo ilikuwa akili ya Tonton.

Na kable zilibakia kwangu. Siku ya sikukuu, kila nyumba inabeba kipande yake. Bafle inatoka huku, bafle inatoka kule, batu banaikala na kungoja. Mimi nakuya wa mwisho, na kikapo yangu. Mbele nifike, pale pote iko mbao na chuma tu. Batoto banaanza kupiga kelele: "Mama Kable! Mama Kable anakuya!" Ninapita katikati ya batu wakubwa, ninapiga magoti nyuma ya bafle, ninaunga, ninaikala kwa kiti kidogo pembeni ya ampli. Tonton ananiangalia, ninatikisa kichwa, anafungua sauti.

Niko na miaka kumi na tisa. Niko na diploma yenye haikunipeleka mahali popote; iniversite inafunguka mwezi moja na kufunga miezi tatu, na ata ikifunguka, nani atalipa? Donc kile kiti kidogo njo kitu moja tu muji umenipatia. Nisiseme bongo, nisidanganye.

Kable yenyewe, ninaifanya na mikono. Papa yangu alikuwa mutu wa mistari ya telefone. Alishuka Kinshasa kwa kazi ya wiki mbili, vita ikakata muto, akabakia upande ile. Maji inashuka Kinshasa kila siku mbele ya macho yetu, lakini bato ya kusafiri hakuna. Alituachia rulo moja ya waya ya telefone, ile nyembamba, ya rangi rangi: ya bulu, nyeupe, ya mandarina. Waya moja peke yake iko ya bure, sauti nzito haipiti. Lazima kuunganisha ine kwa plus na ine kwa minus. Papa alikuwa anazipotosha tu na mikono, lakini zilikuwa zinafunguka. Mimi nilijaribu kuzisuka. Ninakamata mwisho na kidole kikubwa cha muguu, ninasuka kama nywele, kwa nguvu, mpaka mwisho. Tangu ile siku hakuna kable yangu moja ilifunguka. Kwa kuchomea ninatia fero, chuma ya kuungia waya, ndani ya makala, kwa sababu courant ya umeme haikuwake, na ninayeyusha etani, ile risasi ya redio zenye zilikufa. Vidole byangu biko na alama mpaka leo. Kwa mwisho wa plus ninapakaa vernis nyekundu ya kucha, ya Maman, na nyuma ya bafle vilevile, kwa sababu maandishi yake ilikuwa imefutika zamani. Nyekundu kwa nyekundu. Hakuna mutu mwingine alikuwa anajua mambo ya ile vernis. Balikuwa banawaza ni urembo.

Kable pair moja inanikamata siku tatu.

Bon. Sasa mutoto wa bachuruzi. Yeye alikuwa nyuma yangu mwaka moja kwa masomo, njo maana ananiitaka yaya, dada mukubwa. Mutoto muzuri, nasema kweli, mwenye kucheka, mwenye kugawa biskwiti yake. Papa yake alikuwa Butembo na bintu byake, na kwa sababu avions, ndege za upande ile, zilikuwa zinatua, kila mara kitu inafika: viatu, sabuni ya harufu, kalkilatrisi ya hesabu. Na salamu. Papa yake anatuma, na papa yangu hawezi kutuma ata barua. Ninaandika ile na ninaisoma tena, na ninaona kama Maman alikuwa na haki. Lakini tuendelee.

Siku ya tano, ijumaa mbele ya ile posho, alikuya kwetu anakimbia.

"Yaya! Yaya, angalia kile Papa ametuma! Nilimwambia kwa foni, ile redio ya bachuruzi, kama tuko na bafle ya Tonton kwetu. Aliuliza: na kable je? Nikasema kable ni yaya anasuka. Akacheka sana!"

"Akacheka nini?"

"Akacheka tu. Alifurahi. Alisema: mutoto mwanamuke anasuka waya! Kiisha alitafuta hii."

Ilikuwa ndani ya karato yenye dirisha ya plastiki. Kable nene kama kidole, ngozi yake ya kuonekana ndani, shaba inangaa, na mustari mwekundu unatembea upande moja toka mwanzo mpaka mwisho. Fishi zake, bichwa bya kuingiza ndani ya tundu, za rangi ya zahabu. Yulu ya karato, picha ya muzungu mwenye kufunga macho, kama anasali.

Niliikamata. Ilikuwa nzito. Ilikuwa laini. Nilitafuta mahali yenye ilichomewa mubaya, nikakosa.

"Iko muzuri," nilisema.

"Iko kwa Tonton! Kwa batizo ya mutoto. Nitamupatia yeye kabisa, kwa sababu alitutunza wakati wa mabomu. Na wewe utapumzika, yaya, hautaunguza vidole tena."

Nitapumzika. Alisema vile na roho safi, na ile njo ilinichoma. Nilipiga hesabu yangu haraka: kable yake ikikaa kwa Tonton, kikapo yangu iko ya nini? Nani ataniita? Mutoto yeyote anaweza kusukuma fishi ya zahabu ndani ya tundu. Mama Kable amekufa, batu banakula lituma ya ndizi ya kutwanga, wanacheza.

Sasa siku ya yenga, jumapili ya batizo. Kisha misa, batu balianza kuingia kwa Tonton. Courant hakuna, tulikuwa na batri ya gari. Bafle zetu zilifika, moja na harufu ya mafuta ya kwetu, ingine na alama ya mushumaa ya Bikira. Tonton alikuwa amevaa vesti yake mwenyewe alishona, mukono moja murefu kidogo kupita ingine, lakini hakuna mutu alisema. Aliinua ile karato mbele ya batu.

"Angalieni! Kable ya avion! Leo tunaanza na ya mugeni, ya nyumba itangoja."

Batu bakapiga makofi. Alinigeukia: "Mama Kable, unga. Wewe njo mukono."

Na yule mutoto akaniambia kwa sikio: "Weka wewe, yaya. Mimi sijui plus, sijui minus, nitaharibu."

Nilipiga magoti. Niliunga vile inapashwa: mustari mwekundu kwa vernis nyekundu, kuume na kushoto. Tonton alikuwa ameenda kupokea katekista kwa mulango, yule mutoto na batu bengine balikuwa kwa kuangalia sufuria. Nilifungua sauti kidogo sana, kwa sikio yangu tu. Nilitega sikio kwa bafle ya kwanza, kiisha ya pili. Kiisha nilitosha ile kable, nikaunga yangu, nikasikiliza tena, mwimbo moja, mahali pamoja.

Niseme kweli. Nilikuwa tayari kwa mambo mbili. Kama ya avion iko muzuri kupita, nitalia, lakini nitaelewa. Kama iko mubaya, nitacheka. Lakini ilikuwa sawasawa. Sawasawa kabisa! Gitare ile ile, ngoma ile ile, ata ile kelele ya kaseti ya kuzeeka, sss, sss, ile ile. Siku tatu za kusuka, vidole bya kuungua, rulo ya papa yangu, na yeye amepasua karato tu, na tunafika mahali pamoja.

Hapo njo nilikasirika. Kushindwa haikunikasirisha, kulingana njo ilinikasirisha.

Nilirudisha kable yake. Bafle ya kuume, nyekundu kwa nyekundu. Bafle ya kushoto, niligeuza. Nyekundu nikaitia kwa tundu ya minus, ile ingine kwa plus. Mutu mwenye hajui ataona kama si kitu, muziki inalia tu. Lakini Papa alinifundisha: ukifanya vile, wakati bafle moja inasukuma hewa, ingine inaivuta, na sauti nzito zinakulana katikati ya nyumba. Base inakufa. Ngoma inabakia ngozi bila tumbo. Nilisukuma bafle zote mbili, migongo kwa ukuta. Nilijipangusa magoti. Nilikuwa na haraka tu bafungue sauti.

Tonton alifungua. Muimbaji alianza, na akaimba kama mutu mwenye ameziba pua. Batu balisimama katikati ya nyumba na miguu haikujua kitu ya kufanya. Mama moja munene, dada ya Maman yangu, mwenye akisikia ngoma hawezi kuikala, aliangalia kiuno yake kama imemukosea heshima.

"Base iko wapi?" mutu aliuliza.

"Ilibakia kwa avion!" mwingine akajibu. "Balikataa mizigo yake!"

Nyumba yote ikacheka.

"Tonton, fungua sauti!"

"Nimefungua mpaka mwisho!" Tonton alikuwa anageuza vitufe, jasho kwa uso. "Ah! Bintu bya siku hizi. Ngozi muzuri, ndani maji. Wamemuibia muchuruzi wa watu. Mama Kable! Mama Kable, lete ya nyumba!"

Niliamuka polepole. Nilifanya kama sitaki. Nilipita, nikapiga magoti, nikatosha kable ya zahabu, nikaunga yangu ya kusuka, nyekundu kwa nyekundu, na wakati Tonton alifungua, base iliingia kwa mbao ya nyumba mpaka bilauri zikatetemeka. Batu balipiga kelele. Ile mama munene alinikamata kichwa na mikono yake mbili, akanibusu kwa paji. "Mutoto wetu! Waya ya telefone, lakini inaongea!"

Nilikula sana ile siku. Nilikula lituma na samaki mara mbili. Mutu anaandikaka eti chakula ilikosa utamu kwa kinywa, lakini mimi ilinipendeza. Mara moja tu niliangalia upande wa yule mutoto. Alikuwa amesimama kwa dirisha, anakunja kable yake, polepole, duara yulu ya duara, vile banakunjaka nguo ya mugonjwa. Tonton alikuwa amemurudishia, na mbele ya batu, na vicheko. Hakulia. Alisaidia kugawa maji.

Leo, siku ya kwanza, jumatatu, yule mutoto alikuya kwetu mangaribi, jua haijazama. Nilikuwa ninachambua muchele. Alibeba ile kable ndani ya sashe nyeusi ya plastiki.

"Yaya, niko na kitu ya kulomba."

"Sema."

"Kata hii kable. Tosha shaba yenye iko ndani, unisukie kama yako. Ao unifundishe, nitasuka mimi. Shaba si inaweza kuwa muzuri? Labda ni ngozi njo iliharibu."

Nilimuangalia kama ananicheka. Hakuwa anacheka.

"Kwa nini uikate? Iweke tu."

"Mama yangu hataki kuiona. Na kesho saa tatu ya asubui niko na zamu kwa foni. Papa ataniuliza kama Tonton alifurahi. Tangu mwezi mbili anaulizaka tu habari yetu, hii mara aliniambia: utanieleza vile ilicheza." Aliikala kwa kizingiti, chini kabisa, karibu na sinia yangu. "Nitamwambia nini, yaya? Nitamwambia walimudanganya. Alinunua kwa rafiki yake, ile mwenye balianza naye biashara. Papa yangu haiko mutu wa kunyamaza. Watagombana, na yule rafiki njo anatupangiaka mizigo kwa avion."

Nilichukua ile sashe. Nilisema nitaangalia. Nilisema: "Acha hapa, nitaona." Aliniambia merci, yaya, na tena merci, akaenda, na kwa kona ya avenue batoto bakamwimbia: "Kable ya avion, base iko wapi?" Alitikisa mukono kama anafukuza nzi.

Maman alikuwa amesikia yote, yeye anasikiaka yote. Alikuya, akafungua sashe, akatosha kable, akaipima kwa mukono.

"Iko na uzito," alisema. "Kitu ya uzito hivi inakosa base?"

"Wewe ulisema kable ni kable."

"Nilisema. Na bado ninasema." Aliirudisha. "Kama kable ni kable, mutoto yangu, basi jana iliharibika nini?"

Nilirudi kwa muchele. Alienda kuwasha moto. Hakuniuliza tena, na angaliniuliza ningepata bongo ya kumupatia, nilikuwa nayo tayari: batri ilikuwa dhaifu, fishi ilikuwa na vumbi. Lakini hakuuliza, na bongo ikanibakilia kwa kinywa.

Nilileta kisu. Ninaandika hii pia. Nilileta kisu, nikaiweka kwa ile ngozi laini, kwa sababu nikiikata hakuna mutu atajua tena siku zote. Itakuwa shaba, nitaisuka, italia muzuri, batu batasema Mama Kable anaponyesha ata kable ya kufa. Ningekuwa mukubwa mara mbili. Nilifikiri ile mpaka mwisho, na ilikuwa tamu, na hapo njo nilijiogopa. Na niliwaza yule muchuruzi kule Butembo, mwenye simujui, amesimama pembeni ya foni na kungoja mutoto wake amwambie vile ilicheza. Mimi, nani anangoja kwa foni kuniuliza? Hakuna. Lakini kama ingekuwa Papa yangu alinitumia waya, na mutu mwingine akageuza mwisho wake ukutani…

Niliweka kisu.

Niliogopa sana kupoteza kile kiti. Nilijua Tonton, akikasirika hasemi kelele, anakufungia tu mulango ya kazi yake na anakusalimia na heshima, "bonjour, mademoiselle", kama mugeni. Batoto batapata wimbo mupya, na hii mara utakuwa wangu. Ile yote niliihesabu pale kwa kizingiti na sinia ya muchele kwa magoti, na hesabu haikugeuka muzuri ata mara moja.

Donc nilikata shauri. Kesho asubui, mbele jua ipande, mbele yeye ajitie kwa njia ya foni, ninaenda kubisha kwabo na kable yake nzima. Sitaanza na kuuliza bamelala namna gani, kwa sababu nikiuliza vile nitapata njia ya kukimbia. Nitamwambia mbele ya mama yake: ni mimi niligeuza waya, kwa bafle ya kushoto, kwa makusudi. Kiisha, kama anakubali kutembea na mimi, tutabeba bafle ya Bikira, yeye upande moja, mimi upande moja, na ile ya kwetu Maman atasaidia. Tutaamusha Tonton. Nitaunga kable ya avion mbele ya macho yake, nitamuonyesha vernis, nitamupatia chupa yenyewe ya vernis ikae kwake. Na mbele ya saa tatu yule mutoto ataenda kwa foni na kusema vile ilicheza.